Kuhesabu watu bila kumfichua mtu

Somo letu la mara hii ni juu ya listi.

Kila mhamishwa anajua listi ni kitu gani. Jina lisipokuwemo, hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna bashi ya kufunika nyumba. Ndiyo maana watu hukubali kuandikwa mara tatu au nne na mashirika tofauti, na kila mara wanajibu yaleyale: umetoka kijiji gani, una watoto wangapi, baba yao yuko wapi, mlipatwa na nini njiani. Majibu hayo huingia katika simu au kompyuta ya mwandikishaji, kisha yanaunganishwa na majibu ya maelfu ya watu wengine. Wataalamu wanayachambua ili wajue jamaa ngapi zimefika, zimetoka wapi, wajane ni wangapi, na wapi kuna watoto walioachana na wazazi wao.

Kazi hiyo inahitajika. Nchi yetu ya Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984. Mtu anayetaka kujua leo ni wangapi wanaohitaji maji huko Masisi, Djugu au Fizi hawezi kufungua kitabu cha serikali akapata jibu. Analazimika kutegemea listi za mashirika, za vituo vya afya, za kamati na za uchaguzi. Tena bila hesabu hatuwezi kuwaonyesha wakubwa ukubwa wa ubaya uliotendwa vijijini. Watatuambia ni maneno ya watu wachache. Kwa hiyo hatumfundishi mtu akatae kuhesabiwa. Tunachouliza ni hiki: namna gani hesabu ya wengi itoke nje, na siri ya mmoja ibaki ndani?

Kufuta majina hakutoshi

Tukiuliza kwenye mikutano, "Habari za watu mnazilinda namna gani?", jibu linalokuja mbio ni, "Tunafuta majina." Ni jambo jema kufuta majina. Lakini tuangalie mfano mmoja unaojulikana sana kati ya wachambuzi wa takwimu.

Katika miaka ya 1990, huko jimbo la Massachusetts, Marekani, ofisi iliyosimamia bima ya afya ya wafanyakazi wa jimbo iliwapa watafiti habari za matibabu ya wafanyakazi hao. Majina yalifutwa. Gavana wa jimbo, William Weld, aliwahakikishia watu kwamba siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, Latanya Sweeney, hakuridhika. Alinunua kwa dola 20 listi ya wapiga kura wa mji wa Cambridge, alikokaa gavana mwenyewe. Listi ile ilikuwa na jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Akazilinganisha listi mbili. Katika mji mzima, watu 6 walizaliwa siku moja na gavana. Kati yao 3 walikuwa wanaume. Kati ya hao 3, mmoja tu alikaa katika mtaa wenye namba ya posta ya gavana. Hivyo ndivyo Sweeney alivyozipata habari za matibabu ya gavana katika karatasi zisizo na jina. Baadaye, mwaka 2000, alionyesha kwamba Wamarekani 87 katika kila 100 wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta.

Sisi hatuna namba za posta, na wazee wetu wengi hawajui siku waliyozaliwa. Msidhani kwamba hilo linatuokoa. Fikirini mstari mmoja wa listi isiyo na jina: mwanamke, miaka kama 35, mjane, watoto 7 na kati yao mapacha, anatoka kijiji fulani, alifika kambini mwezi wa tatu. Wa namna hiyo ni wangapi katika kambi yenu? Mmoja. Na mtu wa kijiji chake akisoma mstari ule hahitaji kununua listi ya pili kwa dola 20, kwa maana listi hiyo anayo kichwani tangu utoto. Kama mwishoni mwa mstari imeandikwa kwamba alibakwa, au kwamba mtoto wake mkubwa alitoroka katika kikundi chenye silaha, siri imekwisha, ingawa jina halikuandikwa popote.

Yule anayetaka kumtambua mtu mara nyingi si mgeni wa mbali mwenye mashine kubwa. Ni jirani, ni shemeji, ni aliyemtendea ubaya na sasa anaishi bloki ya pili. Sisi tunaofanya kazi uwanjani tunapaswa kuanzia hapo, maana vitabu vingi vya wataalamu huanzia kwa wezi wa kompyuta.

Simu nazo zinaacha nyayo

Simu ya mkononi inapopiga au kupokea, kampuni huandika ni antena gani iliyotumika na saa ngapi. Kampuni haihitaji kusikiliza maneno. Hizo ni nyayo tu. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watafiti walitumia nyayo za namna hiyo kukadiria ni watu wangapi waliohama mji mkuu wa Port-au-Prince na walielekea majimbo gani. Msaada unaweza kuwafuata watu kwa njia hiyo upesi kuliko kwa kusubiri waandikishaji wapite kila kijiji. Nasi tunajua maana yake, sisi ambao tumeona watu wakihama usiku mmoja kwa maelfu.

Lakini mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza nyayo za simu za watu milioni 1.5 kwa muda wa miezi 15, majina yakiwa yamefutwa. Waliona kwamba ukijua mahali na saa mara 4 tu, unaweza kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa watu 95 katika kila 100. Mara nne! Jumapili asubuhi kanisani, Jumatatu sokoni, jioni nyumbani kwa dada yake, kesho yake kituo cha afya. Nani kati yetu hajulikani na majirani mara nne kwa wiki? Kwa hiyo mtafiti wa nyayo za simu, kama ana busara, hatoi nje nyayo zenyewe. Anatoa jumla tu: watu kadiri hii walitoka eneo hili wakaenda lile.

Hesabu ndogo, na hesabu mbili zinazofuatana

Sasa mtu atasema, basi tutoe jumla tu, yamekwisha. Bado. Jumla nayo inaweza kusema siri, kwa njia mbili ambazo tunaziona mara nyingi katika ripoti za kambi.

Njia ya kwanza ni udogo. Ripoti inasema: bloki ya saba, wasichana wa miaka 15 hadi 17 waliopokea matibabu baada ya kubakwa, 1. Ile namba 1 ni kama jina. Watu wanakumbuka ni msichana gani aliyesindikizwa hospitali wiki ile. Ofisi nyingi za takwimu duniani zina kanuni ya kutotoa nje hesabu iliyo chini ya kiasi fulani, kwa mfano chini ya 5 au chini ya 10. Wanaunganisha bloki mbili au tatu, au wanapanua miaka, mpaka hesabu ikue. Kwa maoni yetu, katika bloki yenye nyumba 40 hata 5 ni ndogo. Afadhali kuandika kwa kambi nzima, au kwa eneo zima la afya, na kwa miezi mitatu badala ya wiki moja. Mfadhili akilalamika kwamba ripoti imekuwa butu, aelezwe sababu. Wengi wakielezwa wanaelewa.

Njia ya pili ni ya kutoa, ile hesabu ya darasa la pili. Tuseme tarehe 1 kamati inatundika ukutani: watoto waliotoka vikundi vyenye silaha na sasa wako kambini, 41. Tarehe 8 inatundika tena: 42. Kila hesabu, ukiitazama peke yake, ni kubwa ya kutosha. Lakini katika wiki ile ilifika jamaa moja tu. Sasa kila mtu aliyesoma karatasi mbili anajua kuna nini katika nyumba ile, na kijana ambaye mama yake alimficha kwa jasho ameonyeshwa kwa kidole na ukuta wa kamati. Kwa hiyo msitazame tu karatasi mnayotaka kutundika leo. Tazameni pia ile ya jana ambayo watu wameshaisoma, na ile ambayo shirika jingine limetundika upande wa pili wa barabara. Siri nyingi huvuja katikati ya karatasi mbili, na kila aliyeandika moja anaapa kwamba yake haina ubaya.

Listi iliyoandikwa kwa sababu moja na kutumika kwa nyingine

Hatari hii haikuanza na kompyuta. Katika Rwanda, utawala wa Wabelgiji uliandika kabila la kila mtu katika kitambulisho kuanzia miaka ya 1930. Kwa karani aliyeandika ilikuwa kazi ya ofisi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kilekile kiliulizwa kwenye vizuizi vya barabara, na neno moja lililoandikwa humo lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo. Uholanzi nayo ilikuwa na madaftari mazuri sana ya wakaaji, yenye dini ya kila mtu. Wanazi walipoivamia mwaka 1940 waliyakuta madaftari hayo yamepangwa tayari. Kati ya Wayahudi kama 140,000 waliokuwa huko, zaidi ya 100,000 waliuawa. Mwezi wa Machi 1943 wapinzani wa Wanazi walichoma ofisi ya daftari la Amsterdam, lakini ni sehemu ndogo tu ya kadi iliyoharibika, na 12 kati yao walipigwa risasi mwezi wa Julai.

Angalieni kwamba katika mifano hii hakuna siri ya mtu mmoja iliyovuja. Kilichoonekana ni kikundi kizima. Hilo tunalitia mkazo, maana kanuni ya "hesabu isiwe ndogo" hailindi hapa. Ripoti ikisema kwamba wahamishwa 3,000 wa kabila fulani wamelala katika shule fulani, hesabu ni kubwa, hakuna hata mmoja anayetambulika, na bado wote 3,000 wamewekwa hatarini. Kabila na mahali visikae pamoja katika karatasi moja inayotoka nje. Na kama kabila halihitajiki ili mtu apate maji, lisiulizwe.

Katika miaka yetu hii, mwezi wa Juni 2021, shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba habari za Warohingya waliokimbia Myanmar na kuandikishwa huko Bangladesh na UNHCR pamoja na serikali, majina yasiyopungua 830,000, zilipelekwa na Bangladesh kwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Watu wengi walidhani wanaandikwa ili wapate kadi ya msaada. UNHCR ilijibu kwamba watu waliulizwa kama wanakubali habari zao zipelekwe Myanmar kwa ajili ya kuchunguza haki yao ya kurudi. Sisi hatukuwa huko kuwahukumu. Lakini tunajua namna mtu mwenye njaa anavyojibu "ndiyo" akiwa kwenye mstari, mbele ya meza, na mtoto mgongoni. Ndiyo ya namna hiyo haina uzito.

Tena mwezi wa Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi wa kompyuta waliingia katika mitambo yake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu walioachana na jamaa zao kwa sababu ya vita, misiba au uhamiaji. Hilo ni shirika lenye wataalamu na lenye sifa ya kutunza siri. Basi na kamati ya kambi, yenye daftari moja ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda cha katibu? Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, kambi nyingi za kandokando ya mji zilivunjwa kwa muda mfupi na watu wakatawanyika kwa mamia ya maelfu. Kila kiongozi ajiulize: ningepewa saa moja tu ya kuondoka, karatasi zangu za majina ningezifanya nini? Karatasi ambayo haikuandikwa haihitaji kukimbia nayo.

Maharage mawili ya rangi mbili

Sasa tunakuja kwenye sehemu ambayo vikundi hupenda zaidi. Je, inawezekana kuuliza jambo la siri, kupata hesabu ya kweli, na hata muulizaji mwenyewe asijue nani alisema nini? Inawezekana. Mwaka 1965 Mmarekani Stanley Warner alitangaza njia ya kufanya hivyo, na wengine waliigeuza kwa namna mbalimbali. Tutatoa namna moja iliyo nyepesi. Huko kwao hurusha sarafu. Kongo tunatumia noti tu, kwa hiyo tutachukua maharage. Msichanganye maharage na mahindi, maana mkono unajua tofauti yake hata bila macho. Chukueni maharage ya ukubwa mmoja, mekundu 5 na meupe 5, muyatie ndani ya mfuko usioonyesha.

Tuseme mnataka kujua jambo ambalo watu wanaogopa kulitaja: je, uliombwa pesa au kitu kingine ili jina lako liingie kwenye listi ya msaada? Nani atasema ukweli, na mwenye listi bado ni yuleyule? Kila mtu aingie peke yake, achovye mkono, atoe harage moja, alitazame bila kumwonyesha yeyote, alirudishe. Akiona jekundu, ajibu ukweli. Akiona jeupe, aseme "ndiyo" hata kama hakuombwa kitu. Muulizaji anaandika tu "ndiyo" au "hapana". Hajui ni harage gani lililotoka.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mmewauliza watu 200. Kwa kuwa maharage ni nusu kwa nusu, kama watu 100 watakuwa wametoa jeupe na kusema "ndiyo" kwa sababu ya harage tu. Mkipata "ndiyo" 130, toeni hizo 100. Zinabaki 30, na hizo zimetoka kwa wale kama 100 waliotoa jekundu na kusema ukweli. Basi watu kama 30 katika kila 100 waliombwa kitu. Katika watu wote 200, ni kama 60.

Na mtu akija kesho kumkaripia mama mmoja, "Nimesikia ulisema ndiyo!", mama atajibu kwa amani, "Harage lilikuwa jeupe." Hakuna wa kumbishia. Hata daftari la majibu likiibwa lote, mwizi hana ushahidi juu ya mtu yeyote.

Tuseme ukweli juu ya udhaifu wake pia. Kwanza, hesabu haiko sawasawa kabisa. Kwa watu 200, pale tuliposema 30 katika 100 inaweza kuwa 17 au 43. Kwa watu 2,000 inakaribia zaidi, kati ya 26 na 34. Kwa watu 20 ni kupoteza muda. Pili, ulinzi wenyewe hauko kamili. Kabla ya kumsikia mama yule, ungedhani nafasi yake ya kuwa ameombwa ni 30 katika 100. Baada ya kumsikia akisema "ndiyo", inapanda hadi kama 46. Mkiongeza maharage meupe, ulinzi unakua, lakini hesabu inakuwa na ukungu zaidi. Mkiongeza mekundu, hesabu inaona vizuri na mtu anabaki wazi. Hakuna namna ya kupata yote mawili kwa ukamilifu. Kiongozi anachagua, na ni vema achague pamoja na watu wenyewe. Tatu, anayesema "hapana" anajulikana kwamba amesema ukweli. Katika swali letu si shida. Lakini kama "hapana" ndiyo yenye hatari, kwa mfano mkiuliza kama mtu anamkubali mkubwa fulani, njia hii isitumike.

Tena haifai kwa maswali ya kubakwa yakiulizwa na mtu asiyefundishwa. Hapo shida haiko katika hesabu tu. Swali lenyewe linaweza kumuumiza mtu upya, na aliyeumia anahitaji kituo cha afya na mshauri, hahitaji mfuko wa maharage.

Wazo hilihili la kuchanganya kidogo ili kumficha mmoja, wataalamu wa kompyuta wamelipanua sana. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake watatu waliandika kanuni ya hesabu inayopima ni kiasi gani cha kuchanganya kinachotosha ili jibu lisibadilike sana, mtu fulani akiwemo kwenye listi au asiwemo. Mkumbuke ile 41 na 42 ya ukutani: kama ukuta ungesema "kama 40" mara zote mbili, jamaa iliyofika isingeonekana. Marekani ilitumia kanuni hiyo katika sensa yake ya mwaka 2020. Jumla ya kila jimbo iliachwa kama ilivyo, lakini hesabu za chini yake zilichanganywa kidogo. Si wote waliofurahi. Jimbo la Alabama lilipeleka mashtaka mahakamani mwaka 2021 likisema hesabu za mahali padogo zimeharibiwa, ingawa halikushinda. Malalamiko hayo tunayaelewa. Kijiji kidogo kikiandikwa watu 80 badala ya 95, kinaweza kukosa kisima.

Listi ya kugawa na listi ya kujua

Ndiyo maana tunawashauri viongozi watenganishe listi mbili ambazo kwetu huchanganywa kila siku. Listi ya kugawa inahitaji jina, idadi ya watu wa nyumba na namba ya jeto. Lazima iwe sawasawa, maana mtu hawezi kula chakula cha kukadiria. Lakini haihitaji habari ya ubakaji, ya ugonjwa, ya kabila wala ya mtoto aliyekuwa na silaha. Listi ya kujua ndiyo inayouliza mambo hayo mazito, nayo haihitaji jina. Inaweza kuwa ya watu wachache waliochaguliwa kwa bahati, inaweza kuwa na miaka ya kukadiria, inaweza kuchanganywa kwa maharage. Taabu yote huanza pale fishi moja inapobeba vyote viwili, jina juu na siri chini, kwa sababu mwandikishaji alitaka kumaliza kazi kwa safari moja.

Mwandikishaji akifika, shefu au mama wa nyumba ana haki ya kumwuliza kabla ya kujibu. Habari hizi ni za kazi gani? Nani mwingine atazisoma, je, serikali, jeshi, shirika jingine? Zitatunzwa wapi, na zitafutwa lini? Nikikataa swali moja, nitapata chakula changu? Jibu la swali hilo la mwisho linapaswa kuwa ndiyo, na lisemwe kwa sauti, wote wasikie. Kuuliza hivi si ukaidi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya siri, na sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu. Tunajua kwamba sheria ya Kinshasa huchelewa kufika kambini. Lakini mwandikishaji wa shirika huwa ana mkubwa wake mjini, na yule mkubwa anaijua.

Zoezi la kikundi

Someni pamoja ripoti hii ya kubuni. Kamati imeandika idadi ya watoto waliotoka vikundi vyenye silaha. Bloki A: 14. Bloki B: 9. Bloki C: haionyeshwi, kwa sababu hesabu ni ndogo. Bloki D: 11. Jumla ya kambi: 37.

Kwanza, tafuteni hesabu iliyofichwa ya bloki C, na mseme mmetumia muda gani kuipata. Pili, amueni ni nini kingine kinachopaswa kuondolewa au kuunganishwa katika ripoti hii ili bloki C isijulikane, na bado mfadhili ajue kambi ina watoto wangapi wa kusaidia. Tatu, wiki inayofuata jumla imekuwa 38, na ninyi mnajua kwamba mtoto mmoja alifika bloki D na shangazi yake siku ya Alhamisi. Je, mtaitundika ripoti mpya, mtasubiri, au mtaiandika kwa namna nyingine? Wasikilizeni kwanza akina mama wa kikundi kabla ya mashefu kujibu.